Bwana Kijiko na Jaribio la Kunyimwa

Kabla hajaitwa Bwana Kijiko alikuwa na jina lake, tena zuri, lakini pale kazini limebaki kwenye karatasi za likizo tu. Mimi ndiye ninayezijaza karatasi hizo, kwa hiyo nalijua. Ila nikimwita kwa jina hilo, yeye mwenyewe hugeuka nyuma kuona anaitwa nani.

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, nasi tunatengeneza kisanduku cha lifti. Si lifti yenyewe, wala kamba, wala milango. Ni kile kisanduku cha chuma kinachofungwa juu kabisa, chenye kompyuta ndogo ndani inayoamua lifti iende kwa nani kwanza. Mmoja akibonyeza kupanda na mwingine kushuka, kisanduku ndicho hakimu. Mimi ni mtunza stoo: betri, nyaya, vitufe, skrubu za saizi nne. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikapewa na daftari la majaribio ya programu. Humo naandika tarehe, saa, limefaulu au limefeli, na maelezo. Sehemu ya maelezo ni pana, nami sipendi kuacha nafasi wazi.

Habari ya vijiko ni hii. Jikoni mwa ofisi tulikuwa na vijiko vya chai kumi na viwili. Kila jioni kabla ya kufunga, yeye alivihesabu. Hakuna aliyemtuma. Siku moja vikawa kumi na kimoja. Hakupiga kelele. Alipita meza kwa meza, mikono nyuma, akiuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Samahani, hujaona kijiko?" Alifika hadi kwa bosi. Bosi akavuta droo, akatoa kijiko, akakiri kwamba anakitumia kuvalia viatu. Bwana Kijiko alikipokea kwa ncha za vidole, akakiosha mara mbili, akakirudisha mahali pake. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Mkewe, fundi cherehani mwenye chumba cha kushonea mtaa wa nyuma, anasema nyumbani ni hivyo hivyo. Mumewe aliwahi kuazima ngazi kwa jirani, akapanda, akabadilisha taa ya sebuleni, akairudisha ngazi, akashukuru, kisha akarudi kuiazima tena kwa ajili ya taa ya chumbani. Jirani akamwambia akae nayo tu mpaka amalize nyumba yote. Akakataa. Alisema kitu cha kuazima hakilali.

Nyumbani tabia hiyo ni kero, lakini kwenye programu zetu ndiyo ufundi wenyewe. Programu za kisanduku zimeandikwa kwa lugha iitwayo C, ambayo ni ya zamani na haina mtumishi. Programu ikitaka nafasi ya kuwekea jambo, nafasi ambayo wenyewe huiita memori, inaiomba kwenye kompyuta, inapewa, inatumia, kisha inapaswa kuirudisha yenyewe. Ikisahau, hakuna atakayepita nyuma kufagia. Mtu akibonyeza kitufe, programu inaomba kinafasi kidogo na kuandika humo: ghorofa ya nne kuna mtu. Akishachukuliwa, kinafasi kinarudishwa. Kisiporudishwa, leo kimoja, kesho viwili, iko siku lifti itasimama katikati ya ghorofa mbili, haina pa kuandika hata kwamba imesimama.

Na kuna jambo la pili, gumu kuliko hilo. Je, programu ikiomba na ikanyimwa? Lifti yenye adabu hushuka hadi ghorofa ya karibu, hufungua mlango na kutulia. Lifti isiyofundishwa kunyimwa, Mungu ndiye anayejua. Kwa hiyo tulikuwa na jaribio maalumu, jaribio la kunyimwa, ambalo Bwana Kijiko alilirithi kwa mtu aliyeacha kazi akaenda kufuga kuku. Mfuga kuku alikuwa amelitengeneza kwa njia ya mkato: jaribio liliomba memori kubwa ajabu, kubwa kiasi kwamba kompyuta yoyote yenye akili ingekataa, kisha likatazama lifti ya bandia inafanyaje.

Shida ni kwamba kompyuta kubwa ya ofisi, ile tunayoitumia sote, mara ilikataa na mara ilikubali. Ikikataa, jaribio linafaulu. Ikikubali, jaribio linafeli, kwa sababu limekuja kupima kunyimwa na halijanyimwa. Asubuhi limefaulu, mchana limefeli, na hakuna aliyegusa hata herufi moja.

Watu wakipata kitu wasichokielewa hawakosi kukitafutia dawa. Jumanne moja jaribio lilifaulu wakati uleule bosi alipoingia na sote tukasimama kumsalimu. Mchoraji wetu, dada anayechora milango ya lifti kwenye kompyuta, akasema, "Jamani, ni kusimama." Siku iliyofuata tukasimama, likafaulu. Hapo ikawa sheria. Bwana Kijiko alipewa kengele ndogo. Akiipiga, ofisi nzima inasimama, mikono mbali na meza, mpaka jaribio liishe, kama dakika mbili. Likifeli, sheria inaongezewa kipengele. Dirisha lifungwe. Printa izimwe. Mwenye mafua atoke kwenye korido. Mwisho bosi akaongeza kwamba kila mtu afunge kwanza kazi yake yote kwenye kompyuta, ndipo asimame. Mimi niliandika kila kitu, pamoja na nani alipiga chafya.

Mtu aliyeteseka zaidi ni mama wa mapokezi, ambaye meza yake ndiyo yenye simu. Tulimsikia akisema, "Subiri kidogo mteja, tumesimama." Halafu: "Hapana, hakuna kilichotokea. Tumesimama tu."

Mama huyo wa mapokezi ni mama mkwe wa Bwana Kijiko. Alikuwepo ofisini kabla yake, na ndiye aliyemwonyesha binti yake kijana mmoja mpole anayeosha vikombe bila kuambiwa. Ndoa ina miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo mkwe hajawahi kumaliza sentensi mbele ya mama mkwe wake. Si kwamba ni mkali. Ni kwamba anaongea kama mvua ya masika, nawe huwezi kuiambia mvua ingoje.

Basi, siku ya Jumatatu ilifika barua kwamba mkaguzi wa lifti atakuja Jumatatu inayofuata, saa nne asubuhi. Anataka kuona majaribio yote yakifaulu mara tatu mfululizo mbele ya macho yake. Bosi aliisoma akiwa amesimama, akamwita Bwana Kijiko pale pale katikati ya ofisi.

"Likifeli mbele ya mkaguzi, cheti hatupati."

"Ndiyo, bosi."

"Na nitajua kwamba kazi ya majaribio imekushinda. Nitakuhamishia mapokezi. Mama amekuwa akiniomba msaidizi wa simu mwaka wa pili huu."

Nilimtazama Bwana Kijiko. Huyu ni mtu ambaye simu ikilia huitazama kama watu wanavyomtazama mbwa wasiyemjua: hasogei, hakimbii, anangoja iondoke. Sasa aambiwe akae nayo meza moja, na upande wa pili wa meza awe mama mkwe, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mama mkwe, kwa upande wake, alifurahi waziwazi. Mchana huohuo alisogeza makabrasha, akafuta kiti cha pili, na Jumanne akaja na mto wa kukalia alioshonewa na binti yake, wa rangi ya chungwa.

"Mkwe wangu ana sauti nzuri," alituambia. "Tatizo haitoki. Mimi nitaitoa."

Mchoraji akapita karibu na meza ya Bwana Kijiko. "Shemeji, mto umeuona?"

"Nimeuona."

"Una vifungo vya mapambo."

"Nimeviona pia," alisema, na akaendelea kutazama kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na kitu.

Jumatano alikuja stoo. Alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza kuhesabu betri, kwa sababu anajua kumkatiza mtu anayehesabu ni dhambi.

"Stoo, naomba daftari la majaribio. Nitalirudisha."

"Najua utalirudisha. Kaa hapo ulisome."

Tulisoma pamoja. Mistari sitini na minne. Thelathini na mmoja limefaulu, thelathini na mitatu limefeli. Alichukua penseli, akaniomba ruhusa ya kuweka vidoto pembeni, nikampa. Akaanza na kusimama: siku tulizosimama, siku tusizosimama. Hakupata kitu. Dirisha, hakuna kitu. Printa, hakuna. Mafua, hakuna. Halafu kidole chake kikatua kwenye sehemu ya maelezo.

"Hapa umeandika 'mchoraji amefungua picha kubwa ya mlango, watu wanalalamika kompyuta ni nzito.' Kwa nini uliandika?"

"Kwa sababu walilalamika."

Akashuka mstari kwa mstari. Kila jaribio lilipofaulu, picha kubwa ya mchoraji ilikuwa wazi. Kila lilipofeli, ilikuwa imefungwa. Hata ile Jumanne ya kwanza tuliyosimama kumsalimu bosi, mchoraji alisimama na kuiacha picha yake ikiendelea kufunguka. Na tangu bosi atoe amri ya kufunga kazi zote kabla ya kusimama, jaribio lilikuwa limefeli mara tisa mfululizo. Dawa yetu ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Alieleza taratibu, huku akichora miraba pembeni mwa gazeti kuukuu. Picha ikiwa wazi imekula memori nyingi, kwa hiyo jaribio likiomba, kompyuta inakataa. Picha ikifungwa, memori iko tele, kompyuta inakubali. "Halafu kompyuta yenyewe," alisema, "ni kama fundi cherehani wakati wa sikukuu. Haikatai kitambaa. Inapokea cha mtaa mzima kwa kutumaini kwamba wenyewe hawatakuja kuchukua siku moja."

"Hayo usimwambie mkeo."

"Nilishamwambia. Hajanisemesha tangu jana."

Habari ikafika kwa bosi, na bosi akafurahi kuliko ilivyostahili. "Basi imekwisha. Jumatatu mchoraji afungue picha zake zote, mkaguzi aone, aondoke."

"Kwa hiyo mimi ndiye mganga," alisema mchoraji, na akajifunga vizuri mtandio wake.

Bwana Kijiko alikohoa. Kwa kawaida bosi akisema jambo limekwisha, yeye hulichukua na kwenda nalo. Siku hiyo alibaki.

"Bosi, lifti haina mchoraji ndani."

"Unasema nini?"

"Kama jaribio linafaulu kwa sababu ya picha ya dada, basi halipimi lifti. Linapima picha ya dada. Mkaguzi akisema dada afunge picha, tumekwisha. Na asiposema, lifti itakwenda kwa watu na hatujui ikinyimwa itafanya nini."

Bosi alimtazama, kisha akaitazama meza ya mapokezi na ule mto wa rangi ya chungwa. "Una Alhamisi na Ijumaa," alisema.

Alhamisi hadi saa nne asubuhi alikuwa hajaandika kitu. Tatizo lake lilikuwa hili: ili programu inyimwe, lazima memori iishe, na kuimaliza memori ya kompyuta nzima ni kazi ya kubahatisha. Alikuja kwenye chai akilitafuna hilo. Chai yetu inanywewa mapokezi, kwa sababu kopo la sukari liko chini ya ulinzi wa mama mkwe wake. Daktari amemwambia Bwana Kijiko apunguze sukari, na mama mkwe alichukulia kwamba ameambiwa yeye.

Alitia kijiko cha kwanza. Alitia cha pili. Mkono ulipokwenda mara ya tatu, kopo lilisogea.

"Cha tatu hupati."

"Mama, kopo limejaa."

"Najua limejaa. Nimelijaza mwenyewe asubuhi."

"Sasa..."

"Sasa nini? Kukunyima hakungoji sukari iishe, mkwe. Nahesabu tu. Cha kwanza nakupa, cha pili nakupa, cha tatu nakunyima. Na ukileta ubishi kesho nakunyima cha pili, kesho kutwa cha kwanza. Kunywa chai, inapoa."

Bwana Kijiko alisimama na kijiko kitupu mkononi. Alisimama muda mrefu mpaka mteja aliyekuwa akingoja pale kwenye benchi naye akasimama, nadhani kwa adabu.

"Mama," alisema, "hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Kukunyima hakungoji."

"Hakungoji sukari iishe. Umeanza kuwa kiziwi na simu bado hujaishika?"

Aliweka kijiko kwenye kisahani, akaenda mezani kwake, na chai ikabaki. Niliandika: saa nne na dakika kumi na mbili, ameacha chai. Haijawahi kutokea.

Alichokitengeneza mchana ule nitakieleza kama alivyonieleza mimi, na aliniomba radhi kabla ya kuanza. Ndani ya jaribio aliweka mtunza stoo wa bandia, akamwita Stoo. Programu ikitaka memori haiendi tena moja kwa moja kwa kompyuta. Inapita kwa huyu Stoo. Stoo anatoa, anaandika, anapokea, anaandika. Na ana amri moja tu anayopewa mwanzoni: nyima ombi la ngapi. Raundi ya kwanza ananyima ombi la kwanza. Raundi ya pili anatoa la kwanza, ananyima la pili. Raundi ya tatu ananyima la tatu. Anaendelea hivyo mpaka ifike raundi ambayo maombi yameisha kabla ya zamu ya kunyima, maana yake hakuna ombi ambalo halijaonja kunyimwa. Na kila raundi ikiisha, Stoo anahesabu vijiko: vilivyotoka na vilivyorudi viwe sawa. Memori ya kompyuta iwe tele au kidogo, picha iwe wazi au imefungwa, watu wasimame au walale, jibu ni lilelile.

"Na kwa nini umemwita Stoo?" nilimuuliza.

"Kwa sababu hatoi kitu bila kuandika."

Nilikwenda kupanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ijumaa asubuhi alilijaribisha. Likafeli. Akalijaribisha tena. Likafeli. Mara kumi, likafeli mara kumi. Bosi alifika kwa hatua za mtu aliyekwisha kusikia.

"Zamani lilikuwa linafeli mara moja moja. Sasa linafeli kila mara. Haya ndiyo matengenezo?"

"Ndiyo, bosi."

"Ndiyo?"

"Sasa halibabaiki. Linafeli palepale kila mara, raundi ya saba. Ombi la saba likinyimwa, kuna kijiko kimoja hakirudi."

Bosi akaketi kwenye kiti kisicho chake. Mama mkwe, ambaye husikia hata akiwa kwenye simu, akaukung'uta mto vumbi kidogo.

Bwana Kijiko alisoma programu ile tangu asubuhi hadi karibu na mchana, akifuata kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Akakuta. Kulikuwa na mahali ambapo lifti, mtu akibonyeza kitufe cha kushikilia mlango, inaomba vinafasi viwili: cha sita cha kuandika ghorofa, cha saba cha kuandika ni dakika ngapi mlango ushikiliwe. Ikipewa cha sita na ikanyimwa cha saba, inarudi nyuma kwa adabu zote, inafungua mlango, inatulia, ila inasahau kurudisha cha sita. Hilo lilikuwa ndani ya programu miaka miwili. Jaribio la mfuga kuku lilinyima ombi moja tu kubwa, halikuwahi kufika hapo katikati. Bwana Kijiko aliongeza mstari mmoja wa kurudisha. Akapiga jaribio. Raundi ya saba ikapita, ya nane, ya tisa, hadi ya ishirini na tatu, ambako maombi yaliisha.

Alikwenda jikoni akahesabu vijiko, ingawa jioni ilikuwa mbali.

Mchana ule tulilijaribisha mara mia mbili, mchoraji akifungua picha na kufunga, akifungua na kufunga, mpaka akauliza kama kuna malipo ya mganga msaidizi. Limefaulu mia mbili. Nilijaza kurasa sita. Kwenye maelezo, kwa mara ya kwanza, sikuwa na la kuandika.

Jumatatu saa nne kamili mkaguzi alitoka kwenye lifti. Mzee mfupi, shati jeupe, kalamu nne kwenye mfuko wa kifuani zimepangwa kwa urefu. Bosi alimkaribisha, Bwana Kijiko akaketi mbele ya kompyuta. Alikuwa ametuambia wote asubuhi: leo hakuna kusimama, fanyeni kazi zenu. Tuliitikia. Lakini alipobonyeza kitufe cha kuanza, sijui ni mwili au ni hofu, ofisi nzima ikasimama. Mikono mbali na meza. Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo na nilikuwa nimesimama tayari, basi nikanyooka zaidi.

Mkaguzi aligeuka akatuona. Akavua miwani, akainamisha kichwa.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani amefariki?"

"Hakuna, mzee," alisema bosi.

"Sasa mbona..."

"Mazoea."

Simu ikalia. Mama mkwe akaipokea akiwa amesimama. "Subiri kidogo, mteja. Mkwe wangu yuko kwenye mtihani."

Likafaulu. Mara ya pili likafaulu. Mara ya tatu mkaguzi alisema kila mtu akae na afungue kazi nzito kuliko zote alizonazo, na mchoraji akafungua picha tatu kwa mpigo hadi kompyuta ikaanza kuunguruma. Likafaulu. Mkaguzi hakutabasamu.

"Jaribio linalofaulu siku zote halinifurahishi," alisema. "Nitajuaje kama linaangalia? Hebu haribu kitu."

Nilimwona bosi akifumba macho. Bwana Kijiko aliufungua ule mstari mmoja aliouongeza Ijumaa, akaufuta. Akajaribisha. Likafeli, raundi ya saba, na kwenye kioo yakatokea maneno aliyoyaandika mwenyewe: kimoja hakijarudi. Akaurudisha mstari, likafaulu.

"Nani amekufundisha kunyima namna hii, kwa zamu?"

"Mama mkwe wangu."

Mkaguzi akageukia mapokezi. Mama mkwe akafunika simu kwa kiganja. "Mimi sikufundisha kitu, mzee. Nilimnyima sukari."

Ikaletwa chai. Mkaguzi alikoroga, akanywa, akaongea na bosi habari za magoti yake, akafungua fomu ya cheti mezani. Kilichobaki ni sahihi. Akapeleka mkono kifuani kuchukua kalamu, na hapo mimi na Bwana Kijiko tuliona pamoja: kalamu zilikuwa tano, na ya tano ilikuwa inang'aa.

Bosi naye aliona. Alimtazama Bwana Kijiko na kutikisa kichwa polepole: acha. Mchoraji akaweka kidole mdomoni. Nami, nakiri, nilitikisa kichwa pia. Kijiko kimoja, jamani. Vingine kumi na kimoja vipo. Upande wa pili kulikuwa na kiti, mto wa chungwa, na simu.

Bwana Kijiko aliinama, akatazama viatu vyake, akatazama fomu.

"Samahani, mzee."

"Naam."

"Kuna kijiko chetu mfukoni mwako."

Mkaguzi alitazama chini kifuani, akakitoa kile kijiko, akakigeuza mbele na nyuma kana kwamba kimeandikwa kitu. Yawezekana alikitia humo akidhani ni kalamu, yawezekana hapana. Sikumuuliza, na kwenye daftari nimeandika "haijulikani".

"Nimekagua lifti miaka ishirini na saba," alisema. "Wenye lifti wamenipa miavuli, kofia, kalenda. Hakuna aliyenidai kijiko kabla sijasaini."

"Ungeondoka nacho, mzee, ningelazimika kushuka ngazi kukufuata."

"Kwa nini ngazi? Lifti si yenu?"

"Iko chini, mzee. Ningechelewa."

Mkaguzi akampa kijiko, akachukua kalamu halisi, akasaini. Sahihi yake ni ndefu, ilichukua muda.

Alipokwisha kuondoka, mama mkwe aliuchukua ule mto kwenye kiti cha pili. Tulidhani anaurudisha nyumbani. Akauleta mpaka kwenye meza ya majaribio, akamwambia mkwe wake ainuke, akauweka, akaupigapiga.

"Sauti iliyomdai mkaguzi kijiko," alisema, "ndiyo niliyokuwa naitaka kwenye simu. Basi. Kaa nayo huku huku."

"Asante, mama. Lakini mimi..."

"Kalia mto."

Akaukalia. Wiki ileile bosi alimpatia mama msaidizi mwingine wa simu, dada mmoja ambaye naye ni muongeaji, na sasa mapokezi mvua inanyesha kutoka pande mbili. Kengele ndogo aliileta kwangu stoo mwenyewe, nikaiandika kuwa imerudishwa. Jaribio likianza bado kuna watu wawili watatu wanaosimama, mmoja wao ni bosi.

Jioni ya Jumatatu ile nilimkuta jikoni akihesabu. Vilikuwa kumi na viwili. Kwenye chai ya saa kumi alikuwa amejaribu kijiko cha tatu cha sukari kwa kutumaini kwamba siku ni njema. Kopo lilisogea.